Chaja ya Kitindamimba

Jumatatu, 3 Machi

Kitindamimba wangu amekuwa bosi! Salamu baadaye, daftari, ngoja kwanza niandike hili. Bosi wa watu kumi na wawili! Wote wanapokea simu za malalamiko pale kampuni ya maji, mara bomba limepasuka, mara bili imezidi, na kuanzia leo wote wako chini ya binti yangu. Akili hiyo kaitoa kwangu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini la saba lile la zamani.

Amenipigia saa sita mchana. Kesho wanampeleka mafunzo mji mwingine hadi Jumamosi. Anasafiri na gari la kampuni, kwa hiyo lake ataliacha uani kwetu.

Nikatoka mbio kuanika shuka zilizokwisha kukauka, ili Mama Zulia anione. Huyu ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Jina nimempa mimi, tangu aliponunua zulia jekundu na kuanza kuvulisha watu viatu kuanzia getini. Nikampa habari. Akanipa hongera, kisha akauliza kwa upole wake ule wa kuchoma: na huyo bosi sasa ataanza kupokea simu zako za jioni?

Hapo kanigusa penyewe. Kila siku saa kumi na moja na nusu, binti akiwa njiani kutoka kazini, nampigia. Kila siku simu imezimwa. Inapatikana saa moja, na jibu ni lilelile: chaji iliisha, mama. Mtoto wa Mama Zulia hupokea mlio wa pili. Yeye ana chaja isiyo na waya ndani ya gari. Unaiweka simu juu yake tu, kama kikombe kwenye kisahani.

Hili sijamwambia mtu. Nyumba hii ina vyumba vinne na watu wawili, na mmoja wa hao wawili ni Baba Watoto, ambaye maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kijiko. Saa kumi na moja na nusu ndiyo saa aliyokuwa akirudi mtoto huyu kutoka shule. Anatupa begi, anaanza kunisimulia hata viatu hajavua. Ni mwaka wa pili sasa tangu ahamie kwake. Mwili wangu bado husimama wenyewe saa hiyo, ukaenda mlangoni.

Lakini dawa nimeipata. Gari litakuwa kwetu siku nne. Akirudi ataikuta chaja ndani. Simu haitazimika tena.

Jumanne, 4 Machi

Gari limefika alfajiri. Binti kanikumbatia, kanipa ufunguo, kaniomba nisiliguse. Nikamwahidi.

Saa tatu nilikuwa duka la vifaa vya magari. Kumbe chaja hizi zina ukoo! Kuna ya mpira wa kunyonya, unaibandika juu ya dashibodi. Kuna ya kubana kwenye matundu ya hewa. Kuna ya sumaku. Muuzaji, dada mmoja wa miwani, akaniuliza simu ya binti ni ya aina gani. Nikasema nzuri. Gari je? Nikasema jeupe. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nikachagua ya kubana. Kufungua boksi, ndani mna waya! Nikamrudishia palepale, nikamwambia mimi si mgeni wa maduka, nimeomba isiyo na waya. Akanieleza polepole kwamba waya unatoka kwenye chaja kwenda kwenye tundu la kuwashia sigara, ila simu yenyewe haichomekwi kitu. Nikamwambia mwanangu havuti sigara. Akasema hilo ni jina la tundu tu, mama. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanne, na mmoja akashikwa na kikohozi cha ghafla.

Kufika nyumbani, tabu mpya. Matundu ya hewa ya gari lake ni ya duara kama vifuniko vya mitungi, na kibanio kinataka vibao vilivyonyooka. Nimesukuma, nimezungusha, nimebembeleza. Wapi! Baba Watoto akatokea mlango wa jikoni na kikombe chake, akauliza kama si kweli niliombwa nisiliguse. Nikamjibu siligusi, nalipima.

Jumatano, 5 Machi

Nimeibadilisha, nimechukua ya mpira wa kunyonya. Dada wa miwani hakuniuliza kitu chochote, alinipa tu. Tunaanza kuelewana.

Dashibodi ilikuwa na vumbi, nikaona aibu kubandika kitu kipya juu ya vumbi. Nikaisugua kwa dawa ninayong'arishia makabati. Ikang'aa, unajiona meno! Nikabandika. Ikashika. Nikageuka kufunga mlango, nikasikia pu! Imeanguka. Nikabandika tena. Pu! Mara ya tatu ikateleza taratibu mbele ya macho yangu kama mtu anayetoroka kikao.

Jioni yote nimekuwa nikiitoa dawa ile kwa sabuni ya vyombo. Mgongo unaniuma. Ilipofika saa kumi na moja na nusu nikajikuta nimempigia binti humohumo ndani ya gari lake. Imezimwa. Masikini mtoto, hata huko kwenye mafunzo chaji inamtesa. Nikasugua kwa nguvu zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwita fundi umeme wa magari. Mtaani wanamwita Hamna Shida, maana ndilo jibu lake kwa kila kitu. Amefungua dashibodi, amepitisha waya chini kwa chini, hauonekani kabisa. Mpira umeshika. Nimeuvuta kwa mikono miwili na haukutoka.

Tulitofautiana jambo moja tu. Yeye alitaka kuunga chaja kwenye waya unaolala gari likizimwa. Nikamwambia nimekuwa mlangoni pa simu iliyozimwa miaka miwili, mimi nataka kitu kisichozimika kamwe, gari liwe limewaka au limelala. Akakuna kichwa. Akasema betri lenyewe si jipya, mama. Nikamkazia macho. Akasema hamna shida.

Taa ya chaja ni ya buluu, inazunguka. Uzuri wake huo!

Kuijaribu sasa. Nikaweka simu yangu ya vitufe. Kimya. Nikaweka ya Baba Watoto. Kimya. Hamna Shida akasema simu zetu si za aina hiyo, na alisema kwa sauti ya daktari anayewapa ndugu habari mbaya. Basi nikala matapishi yangu, nikamwita Mama Zulia na simu yake. Nikamkalisha kiti cha mbele, nikamwambia avue viatu. Nikamwashia na redio. Simu yake ikakubali mara moja! Akakaa hadi ikajaa asilimia mia, saa mbili nzima, akitoa kasoro za viti. Ameondoka hajasifu kitu, lakini nimemwona akigeuka kuitazama ile taa mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Nilipanga kuandika ukurasa wa shangwe. Ngoja niandike ilivyokuwa.

Binti kafika saa tisa alasiri. Nikamziba macho kwa mikono yangu, nikamwongoza hadi uani, nikamketisha nyuma ya usukani, nikazunguka nikakaa kiti cha pembeni. Akaitazama chaja muda mrefu. Akasema asante, mama. Asante yenyewe ilikuwa nyembamba, lakini nikasema ni uchovu wa safari.

Akazungusha ufunguo. Kikasikika kitu kama mtu anayebofya kalamu. Akazungusha tena. Hata hicho hakikusikika. Taa ya buluu ilikuwa imezima, na sijui tangu lini. Nikampigia Hamna Shida, akasema betri limenyonywa hadi tone la mwisho, anakuja baada ya saa moja. Nilisubiri aseme hamna shida. Hakusema.

Tukabaki humo ndani, mimi na yeye. Nikaanza kuongea, unanijua. Nikamweleza habari ya duka, ya matundu, ya dawa ya kabati. Nikamwambia usijali, betri litafufuka, na tangu sasa nikikupigia jioni nitakupata, kwisha habari ya chaji.

Akasema: "Mama, chaji huwa haijaisha."

Sikuelewa. Nikamwambia imeisha, si umesikia fundi. Akasema hazungumzii gari.

"Nazima mwenyewe. Kila siku."

Akaniambia taratibu, mikono yake ikiwa kwenye usukani wa gari ambalo haliendi popote. Kwamba kuanzia saa mbili asubuhi watu wanamfokea masikioni kwa sababu ya maji, na haruhusiwi kuwajibu ila kwa sauti ya tabasamu. Kwamba kazini hana mlango, na kule anakoishi anachangia chumba. Gari hili ndilo chumba chake peke yake. Akitoka kazini hulisimamisha kando ya ukuta wa bohari lililofungwa, anazima simu, hata redio hawashi. Anakaa mpaka masikio yapoe.

Nikamuuliza kama hata mama yake ni kelele. Nilitaka itoke kama mzaha. Haikutoka hivyo.

Akasema: "Nikikupokea saa ile nitakujibu kwa ile sauti ninayowajibu wao. Sitaki uisikie. Nasubiri irudi yangu ndipo nawasha simu."

Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikaiweka mapajani. Baba Watoto akaja na vikombe viwili vya chai, akachungulia dirishani, akavipitisha, akarudi ndani bila neno. Leo nimeona kazi ya ukimya wake. Tukanywa. Yeye akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho. Nilikuwa na mambo kama arobaini ya kumwambia. Nikayameza na chai. Baada ya muda nikamsikia anapumua vile alivyokuwa akipumua utotoni akikaribia kulala, na mdomo wake ukalegea kidogo upande wa kushoto.

Hamna Shida alikuja na nyaya za kuamshia betri, lakini pikipiki yake isingetosha, ilihitajika gari. Gari lililokuwa karibu ni la mtoto wa Mama Zulia. Kwa hiyo gari la bosi wa watu kumi na wawili limeamshwa na gari la mtoto wa Mama Zulia, na Mama Zulia mwenyewe akiwa ameketi kwenye kiti barazani kama mtu aliyekata tiketi.

Sina la kuongeza.

Jumatatu, 10 Machi

Saa kumi na moja na nusu nimesimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Simu nimeifungia kwenye kabati la shuka na ufunguo nikampa Baba Watoto. Hakuuliza sababu.

Nimekumbuka kitu. Watoto walipokuwa wadogo, wote watatu wananining'inia, nilikuwa na tabia. Naingia bafuni, nafungua bomba maji yaanguke kwenye ndoo yasikike, naigeuza ndoo nyingine kifudifudi na kuikalia. Siogi. Nakaa tu. Wakigonga nawaambia bado nina sabuni. Siku moja kitindamimba, ana miaka mitano, alinitazama nilivyotoka akasema mbona nywele zako kavu. Nikamwambia maji yalikuwa kidogo.

Kumbe alikuwa anajifunza.

Jumanne, 11 Machi

Sikupiga. Kabati limefungwa. Baba Watoto kaniambia nimefanya vizuri. Maneno mawili. Kijiko kimejaa.

Jumatano, 12 Machi

Amenipigia mwenyewe! Saa moja kasoro dakika kumi, simu ikilia kabatini na Baba Watoto akikimbia na ufunguo! Sikuuliza kitu, sikulalamika, nilisema tu halo mwanangu. Ameongea kutoka chumba cha mbele hadi nikafika jikoni, nikapika, nikaepua. Mzee mmoja kampigia kulalamikia maji ya jirani. Mwenzake wa mezani kamletea maua ya plastiki kwa ajili ya cheo. Sauti ilikuwa yake, ile ya begi kutupwa sakafuni. Halafu akaniambia chaja anaitumia, ila asubuhi, akienda kazini, na kwamba ni nzuri.

Nimekaa nikawaza sana. Mama mwingine angesahau funzo kama hili, mimi nimelishika. Mtoto akikuambia chaji iliisha, usikurupuke kununua vitu. Muulize kwanza. Huenda anatafuta utulivu tu.

Basi kwa busara hii mpya nimempigia kifunguamimba wangu, ambaye anaendesha lori la maziwa, na simu yake huzimika kila Jumapili mchana nikianza kupiga. Nikamuuliza kwa upole wote: mwanangu, ni chaji kweli, au unahitaji kupumzika na sauti yangu? Akashtuka, akasema ni chaji, mama, chaji kabisa. Nikampigia wa katikati, ambaye simu yake hukatika kila tukifika habari za kuoa. Naye kaapa ni chaji. Nimewasikiliza kwa makini wote wawili. Mama anaijua sauti ya ukweli.

Nimeshatoka dukani. Chaja mbili, za sumaku hizi. Dada wa miwani alizitoa rafuni aliponiona tu navuka barabara. Hamna Shida nimemwagiza aziunge kama alivyounga ya kwanza, zisizimike kamwe. Mama Zulia atakuja na simu yake ya kujaribia, na kitindamimba aje awaelekeze kaka zake namna ya kuweka. Kila mtu nimemwambia. Lori nalo litaingia uani, nimepima geti kwa hatua zangu. Ni Jumamosi hii, tarehe kumi na tano, saa nne kamili asubuhi, na wote waje na magari yao.