Mafuta ya Bekoni kwenye Bastola ya Baruti

Jumatatu, 2 Juni

Nimeonewa! Kikao cha klabu kimekwisha sasa hivi. Maxine Tharp, msimamizi wa uwanja wa shabaha, ametamka mbele ya watu wote kwamba mashindano ya Jumamosi ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Bastola yangu ikileta balaa tena, naondolewa kwenye mstari wa wapigaji msimu mzima. Nitakaa nyuma na aproni, nikiwapikia wenzangu maharage. Mimi, Vernon Stuckey!

Na kisa ni nini? Mwaka jana nilikataa kupaka mafuta juu ya risasi. Moto ukaruka kutoka tundu moja la silinda inayobeba risasi hadi jingine, zote sita zikalipuka pamoja. Hakuna aliyeumia ila kofia yangu. Delbert Ruckman alicheka hadi akakaa chini. Huyo ndiye bingwa wetu, na anapaka mafuta meupe ya kukaangia, ya dukani! Kwenye bastola ya mfano wa 1860! Askari wapanda farasi wa enzi hizo wangemtemea mate.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata dawa. Wanataka mafuta? Watayaona. Mke wangu Lorene huweka kando ya jiko kopo la mafuta yanayobaki akikaanga bekoni. Nimelichukua. Nguruwe halisi wa Missouri, si kitu cha kiwandani.

Lorene akasema, "Weee, hayo yana chumvi! Chumvi na chuma haviivi chungu kimoja." Nikamwambia yeye apike, bastola aniachie mimi. Akasema sawa, ila bekoni nisimwombe tena.

Jumatano, 4 Juni

Majaribio malishoni, nyuma ya nyumba. Nimefyatua zote sita na hakuna moto ulioruka! Moshi mzito, harufu ya kifungua kinywa. Mbwa wa jirani wamekuja wakakaa kunitazama kwa heshima.

Wenzangu wote klabuni wakishapiga hukimbilia maji ya moto na sabuni jioni ile ile, maana masizi ya baruti hula chuma. Mimi sioshi. Mafuta yangu yanailinda.

Ijumaa, 6 Juni

Silinda haizunguki. Kutu! Ni unyevunyevu wa hewa, hakuna jingine. Nimesugua kutwa nzima kwa brashi ya waya hadi ikakubali, kisha nikaipaka bekoni maradufu.

Delbert akapita na gari lake, akaniona. Akasema, "Vern, kaka, chukua kopo langu. Aibu ya nini sisi kwa sisi?" Nikamjibu: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Akasema macho nitayahitaji kesho, shabaha iko mbali. Mpumbavu. Nilicheka baada ya yeye kuondoka, kidogo tu.

Jumamosi, 7 Juni

Joto kali. Koti langu la sufu la kijeshi lilinichemsha, lakini sikulivua. Risasi ya kwanza, katikati kabisa! Liandikwe hilo. Katikati!

Kisha silinda ikaganda. Nikavuta nyundo ya bastola kwa mikono miwili. Wapi! Maxine akaja: "Mzee Vernon, inatosha. Weka chini, twende." Aproni alikuwa nayo mkononi tayari. Niliumia, sifichi. Nimesimama kwenye mstari ule tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijui nitakuwa nani nikiondolewa pale.

Ndipo Delbert akajitokeza. Akamwomba Maxine aniruhusu nimalizie kwa bastola yake. Imeshashindiliwa baruti na risasi, akasema, imebaki kuvishwa fataki tu za kuiwashia. Maxine akakubali shingo upande. Machozi yalinilengalenga.

Lakini nilipoishika nikayaona yale mafuta meupe yamejaa kwenye matundu. Niokolewe na mafuta ya Delbert? Asimulie hadi kaburini? Thubutu! Nikawapa kisogo, nikayachokoa kwa kidole gumba, nikajaza bekoni kutoka mfukoni. Kwa vidole vile vile nikavisha fataki.

Ta. Ta. Ta. Ta. Ta. Ta. Hata moja haikuwaka. Fataki zote zimelowa mafuta.

Delbert akainusa bastola yake. Akaniuliza taratibu, "Vern, umeifanya nini?" Nikasema nimeiboresha. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aproni niliifunga mwenyewe. Sikumpa Maxine raha hiyo.

Jumapili, 8 Juni

Delbert kaja asubuhi. Bastola yangu niliisahau uwanjani, naye ameiosha, ameikausha, inang'aa kama siku niliyoinunua. Kaniletea na kopo la mafuta meupe juu yake. Akasema hana kinyongo, na kwamba mpika maharage anaweza kurudi mstarini mwakani akijirekebisha. Lorene akamkaribisha kahawa na kumwomba radhi kwa niaba yangu! Nani kamtuma?

Huruma zao sizitaki. Kazi yangu yote ameisuuza kwa sabuni. Mafuta yake nimekaangia mayai.

Halafu nimekaa, nikafikiri kwa utulivu, nikagundua kosa lilipo: nguruwe. Mnyama mvivu, na mafuta yake ni mavivu. Jirani ana bata bukini mnono, tumeshapatana bei. Nikiyayeyusha mafuta yake nitayatia chumvi kidogo, yasioze.