Ombi la Kukinga Majembe ya Masii Dhidi ya Mataifa Makubwa na Mke Wangu

Urbanus Ndeti,
Fundi wa majembe,
Soko la Masii, Machakos.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda,

Natumaini u mzima, na sera ya viwanda nayo haijambo. Niliisikia ikisomwa redioni nikiwa kwenye fuawe, nikaweka nyundo chini kwa heshima. Walisema serikali italinda kila kiwanda cha mwananchi, kiwe kikubwa au kidogo. Mimi ndicho kile kidogo. Niko na tanuri moja, mivukuto miwili, na mfanyakazi mmoja ambaye pia ni mimi.

Mheshimiwa, nimezingirwa. Mataifa mawili makubwa yanagombana huko duniani, na kwa sababu ambazo sijaelezwa yameamua kumalizia ugomvi hapa Masii. Moja linaleta jembe lenye karatasi nyekundu, lingine lenye karatasi ya bluu. Kila siku ya soko, mchuuzi mmoja, Maundu wa Katangi, huyapanga yote kwenye meza moja yashindane kushuka bei. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Nyasi ni mimi. Jumamosi hii mwethya wetu, yaani akina mama sitini wanaochimbiana matuta ya shamba kwa zamu, wataamua wanunue majembe kwa nani. Wakienda kwa Maundu, nazima tanuri aliloliwasha babangu. Binamu yangu Erastus ameshanitafutia kazi ya ulinzi kwenye ghala huko Mavoko. Nimeuliza ni ghala la nini. Ni la majembe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ushuru. Naomba kila jembe linalotoka Katangi litozwe ushuru likiingia Masii. Najua Katangi iko Kenya. Lakini mtu anayeuza vya ng'ambo kutoka asubuhi hadi jioni, moyo wake uko ng'ambo, na moyo hauna kitambulisho.

2. Malighafi. Nasikia mataifa makubwa yana madini nyeti yasiyouzwa ovyo. Madini yangu nyeti ni springi za lori. Yasin, mnunuzi wa chuma kikuukuu hapa sokoni, alikuwa akiniwekea. Siku hizi zote anazipeleka kuyeyushwa. Naomba springi zitangazwe kuwa mali ya usalama wa taifa. Na kwa kuwa lori haziharibiki vizuri tangu barabara itengenezwe, naomba kwa unyenyekevu mashimo machache yarudishwe.

3. Ubora. Jembe langu halivunjiki, na hilo ndilo limenimaliza. Mama aliyenunua mwaka wa El Nino bado analo, bintiye analilimia, na hakuna aliyerudi dukani hata kunisalimu. Hiyo ni biashara gani? Naomba ruzuku kwa fundi anayeadhibiwa kwa kazi nzuri. Ama ipitishwe sheria jembe listaafu likifika umri fulani, hata kama bado lina nguvu, kama mnavyowafanyia watumishi wa umma.

4. Mke wangu. Hili linaniuma. Mwenyekiti wa mwethya ni Syombua, niliyemwoa kwa jasho la fuawe hii hii. Jumapili alikuja na jembe la karatasi nyekundu, eti la kujaribu, akaliegemeza kwenye ukuta wa tanuri langu. Akaniambia ni jepesi, na kwamba akina mama wamechoka mabega. Akasema jembe langu ni imara kama kanisa, lakini hakuna mtu anayebeba kanisa kwenda shambani. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Naomba awekewe vikwazo. Mali yake isiguswe, maana nami nailalia. Azuiwe tu kupiga kura Jumamosi. Akiuliza nani alimshtaki, tafadhali mtajieni Maundu.

5. Haya yote yakishindikana, Masii itangazwe kuwa taifa kubwa la tatu. Tuko tayari. Mikutano ya dunia ikikosa kiti, nitakuja na changu.

Nisalimie familia yako, katibu wako, dereva wako, na askari wa getini, maana najua yeye ndiye atakayeifungua barua hii kwanza.

Wako mtiifu, na moto bado unawaka,
Urbanus Ndeti

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kutumwa. Jumamosi akina mama walipiga kura na nilishindwa vibaya. Hata shangazi yangu aliniinulia mkono kisha akaushusha alipoona yuko peke yake. Jumatatu wakaingia na majembe mapya kwenye shamba la mlimani lenye mawe matupu. Kufikia saa sita, kumi na tisa yalikuwa yamepasuka tundu la mpini. Syombua ndiye aliyeongoza foleni kuja kwangu, uso ameugeuzia upande wa barabara. Nimefunga kila moja pete ya chuma. Wanasema sasa ni mepesi na hayavunjiki, na akina mama wa Mwala na hata Katangi wameanza kuleta yao. Jembe langu mwenyewe sijafua hata moja tangu siku hiyo, sina nafasi. Erastus nimemwambia hiyo kazi ampe mtu mwingine.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, futa kuanzia la kwanza hadi la tano. Ushuru usiwekwe. Ila ukikutana na wakubwa wa yale mataifa mawili, nakuomba kama ndugu: usiwapatanishe.