Kidato cha Pili Hakifungui Kinywa

Jumatatu, 12 Mei
Nimefundisha Jiografia dakika arobaini bila kumeza mate. Mmomonyoko wa udongo. Ufundi mtupu! Mimi niliyewahi kuuza miwani ya jua msimu wa mvua na wateja wakashukuru, nishindwe na watoto hamsini wa kidato cha pili? Nimeuliza maswali kumi na tisa. Kimya. Nikajijibu yote kumi na tisa. Nimepata yote.

Mwalimu mlezi, mama wa makamo aliyepewa kazi ya kuniangalia hapa shuleni, alikaa nyuma na daftari lake. Kengele ilipolia akasema amehesabu maneno ya wanafunzi: matatu. Ndiyo, ndiyo na kengele. Akanikumbusha kwamba mkaguzi wa chuo anakuja Ijumaa, na anachotazama ni kimoja tu, kama wanafunzi wanashiriki. Muhula uliopita nilianguka hapohapo. Nikianguka tena, chuo kinanionyesha mlango. Na mtaa mzima ushaanza kumwita mama yangu Mama Mwalimu! Naye anaitika!

Chumba cha pili anafundisha mwenzangu wa chuo, Hisabati. Namwita Bi Mikono, maana akiuliza tu, mikono inachomoza kama uyoga. Nimemwomba siri. Ati anauliza, halafu anasubiri, kaka. Anadhani mimi mtoto! Siri yenyewe kaificha.

Jumanne, 13 Mei
Peremende. Mfuko mzima. Nikatangaza: atakayesema chochote anapata moja. Akasimama binti mmoja, Wakili tunamwita, akasema hajui, akanyoosha mkono kudai chake. Nikamwambia hilo si jibu. Akauliza, kwa adabu zote, kama neno "chochote" lina mipaka. Nikampa. Dakika mbili baadaye hakuna anayejua kitu! Mstari baada ya mstari, hawajui, na mfuko unakonda. Kisha midomo ikajaa, hata hiyo "sijui" ikakatika. Watu hamsini wanafyonza. Bi Mikono akachungulia dirishani kuuliza tumefiwa na nani. Ana dharau yule dada!

Jumatano, 14 Mei
Akili ni mali. Nimekata vikaratasi. Maswali ishirini, majibu ishirini, kila jibu na mwenyewe. Ijumaa wote watanyoosha mikono, mimi nitamchagua mwenye karatasi. Mkaguzi atalia.

Yupo binti wa dawati la mwisho, karibu na kabati la ramani. Tangu nifike hajatoa sauti. Wenzake wanamwita Bubu. Nimewakemea mpaka wakainama. Nimempa jibu jepesi kuliko yote, neno moja: mvua. Akaitazama karatasi kana kwamba ni barua ya kuhamishwa nyumba. Nikamwambia asiogope, mwalimu wake nipo.

Alhamisi, 15 Mei
Mazoezi mara nne. Safi kama kwaya! Safi kupita kiasi: mara ya nne walijibu swali la sita mimi nikiwa bado la nne. Wakili akataka kujua, kwa kuwa maswali na majibu tayari wanayo, mwalimu anakuja kufanya nini. Mdomo ule utaishia kwa jaji, sijui upande upi wa meza.

Mwalimu mlezi alipita akachungulia. Vikaratasi hakuviona, ila mimi alinisikia. Akanishauri, mwanangu, jaribu kunyamaza kidogo. Ndivyo walivyo. Mwenye kipaji hakosi wa kumfunga mdomo.

Ijumaa, 16 Mei
Mkaguzi ni mzee mwembamba, viatu havitoi sauti. Akakaa nyuma. Maswali sita ya kwanza yaliteleza kama sabuni. La saba: nini hubeba udongo wa mteremkoni? Binti wa dawati la mwisho akasimama. Akavuta pumzi. Sekunde moja. Mbili! Nani anavumilia? Nikamsaidia: mvua, sivyo? Vizuri sana, keti!

Mkaguzi akaandika. Akaniomba nikae. Akamwuliza binti yuleyule kama amewahi kuyaona hayo kwa macho yake. Swali halimo kwenye karatasi! Kisha mzee akanyamaza. Binti kanyamaza. Inaongea saa ya ukutani peke yake. Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili. Sekunde kumi na moja, nimezihesabu!

Binti akafungua kinywa. Akasimulia bustani ya bibi yake kule mteremkoni, mvua ya mwaka juzi, mboga zilizolala kwao zikaamkia kwa jirani, na nyasi alizopanda bibi kuushika udongo. Dakika tatu! Wenzake wakaanza kumwuliza maswali, wanakatizana. Machozi yalinilenga. Nasema kweli.

Baadaye, chumba cha walimu. Mkaguzi akafungua fomu. Nikamwuliza kama nimefaulu. Akaitazama fomu. Kimya. Sekunde moja. Mbili! Nikamwambia mzee wangu, najua unawaza vile vikaratasi, lakini nilivigawa kwa nia njema. Akauliza vikaratasi gani. Nikamweleza. Vyote ishirini. Na mazoezi manne. Na peremende. Mwalimu mlezi akajifunika uso kwa daftari. Kumbe mzee alikuwa anatafuta pa kutia sahihi.

Jumamosi, 17 Mei
Sijafaulu, sijafukuzwa. Narudia muhula ujao. Mwalimu mlezi kaniombea. Kamwambia mkaguzi kwamba moyo wa ualimu ninao, mdomo ndio haujaiva. Mkaguzi naye kaniachia ushauri: uliza, kisha hesabu mpaka kumi.

Mama kapokea habari vizuri. Kasema mtaani ataendelea kuitika, muhula mmoja si mbali. Akaanza kuniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu kabla hajafika mwisho wa swali. Nimemweleza kosa lilipo: yule mkaguzi hashiriki! Mtu unamwuliza, anatazama karatasi. Muhula ujao nimempatia dawa. Akiingia tu mlangoni naanza kumjibu, moja kwa moja mpaka atie sahihi. Hapati hata nafasi ya kunyamaza.