Makadeti kwenye Matanga ya Mauwa

Anderlecht, Jumatatu, 17 Novemba 2025

Mauwa wangu,

Nimempata! Océane yumo kwenye tovuti ya chuo cha kijeshi, jina na picha, katika orodha ya makadeti wa mwaka wa kwanza.

Imenichukua asubuhi nzima. Kwanza niliandika jina langu mahali pa kutafuta. Hakuna kadeti anayeitwa Constant Kabeya. Nikaandika Océane. Wakatokea watatu. Mmoja mzungu, wa pili mzungu zaidi, wa tatu mjukuu wetu! Hacheki. Kofia imelalia sikio. Ni ule uso wake wa kuambiwa aoshe vyombo. Nikaugusa kwa kidole, tovuti yote ikageuka lugha ya Kiflamand na sikujua njia ya kurudi. Nikaisoma orodha hivyo hivyo, kadeti baada ya kadeti. Hata kwa Kiflamand, wetu ndiye mzuri kuliko wote.

Jumamosi tunaondoa matanga yako. Mwaka umekwisha, Mauwa. Ninataka jambo moja tu: mtoto uliyemlea aingie ukumbini na sare yake mbele ya watu wote. Mbele ya watu wote maana yake mbele ya Tshibangu. Bado ni mwenyekiti wa chama chetu cha Wakongo wa Likasi. Mwezi uliopita alimleta mwanawe, Aristote, na joho lake la uwakili. Kwenye ubatizo! Mtoto wa kubatizwa aliliona joho akalia kuanzia mlangoni.

Jumanne, 18 Novemba

Nimempigia Océane. Atakuja, wikiendi hii wako huru. Lakini kwa nguo za kawaida! Sare ya kutokea nje huombewa ruhusa, na yeye ni mgeni pale, hataki kuomba-omba. Ananijua babu yake. "Kambo, tafadhali, usifanye kitu. Promets-moi."

Nikaahidi. Niliahidi kwa sauti nzuri sana.

Jioni nimekutana na Tshibangu kwenye metro. Nikamwonyesha picha. Akaitazama kwa mbali, kwa karibu, na miwani, bila miwani. Akasema siku hizi mashine zinatengeneza picha ya chochote. "Papa Constant, hata mimi banaweza kunivalisha kofia!" Watu wawili wakacheka, na wala hawajui Kiswahili. Nikamwambia tutaonana samedi, kwenye matanga.

Nyumbani simu ililia nikaiacha. Nilikumbuka ulivyokuwa ukikohoa kidogo kabla ya kupokea, kama mtu anayebisha hodi.

Jumatano, 19 Novemba

Nimepata mpango! Chini ya orodha kuna mahali ambapo familia zinaweza kuandika ujumbe, kwa kadeti mmoja au kwa darasa zima. Kumwandikia Océane ni kuvunja ahadi. Kwa hiyo nimewaandikia wote.

Si ujinga. Fikiri. Kwetu hatumwaliki mtu mmoja tu, kana kwamba nyumba yake haina wenyewe. Unaalika nyumba nzima. Nyumba inashukuru, inakaa kikao, inatuma wajumbe: mtoto mwenyewe na mkubwa mmoja wa kumsindikiza. Kila mtu anajua hivyo. Wakubwa wa chuo watakaa, watamtuma Océane na sare, labda na afisa mwenye nishani. Tshibangu atameza ulimi.

Nimeandika kwa Kifaransa safi: makadeti wote mnaalikwa, na sare, Jumamosi saa kumi jioni, ukumbi wa chama chetu, kuondoa matanga ya Mauwa aliyemlea mwenzenu, chakula ni kingi. Saa kumi, yaani kwetu saa moja ya usiku. Hilo halihitaji maelezo.

Nimejisifu mbele ya kioo. Kioo kile bado kiko chini, kwa kimo chako. Sijakipandisha. Najisifu nikiwa nimeinama.

Alhamisi, 20 Novemba

Wazungu wanajibu! Mmoja mmoja, kwa jina. Mmoja hali nyama. Mwingine anauliza kama kuna karanga, maana zitamwua. Nikaona ni adabu tu, mtu akialikwa lazima aseme neno. Maman Priscille, rafiki yako, ndiye atakayepika. Aliuliza wageni ni wangapi. Nikamwambia watu wetu wa siku zote, na wajumbe wawili.

Saa nane Océane akapiga simu. Hakuniamkia.

Mkuu wao amemwita. Ule ukurasa ni wa mambo ya chuo, si wa karamu. Amemwuliza mwandishi ni nani. Océane akasema ni babu yake, ni mfiwa, na lawama zote azibebe yeye. Wenzake wameruhusiwa kwenda wakitaka. Yeye amepewa zamu ya getini, Jumamosi hadi Jumapili mchana. Hatakuja, Mauwa. Kuondoa matanga yako, na mtoto wako hatakuwepo.

"Kambo, nilikuomba kitu kimoja." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejitetea.

Nimekaa upande wako wa kitanda, ambako huwa sikai.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimepiga simu chuoni. Nikasema kosa ni langu, kwa hiyo zamu niishike mimi. Wakanihamisha kwa mtu mwingine, kisha mwingine. Wa tatu akauliza umri wangu. Nikasema sitini na tisa. Akauliza kama nimewahi kulinda mahali. Nikamwambia ghala la saruji, Likasi, miaka minne, na haukupotea mfuko hata mmoja. Akanishukuru kwa moyo wangu na kukata.

Tshibangu ametuma ujumbe: viti vipo, "na jeshi yako tutaiweka wapi?" Nimejibu kwamba jeshi hujipanga lenyewe. Sijui nimeandika nini.

Jumamosi, 22 Novemba

Saa kumi kamili mlango ukagongwa. Nilikuwa na fulana ya ndani. Ukumbini mimi na Maman Priscille tu, na kitunguu hakijakatwa. Nikafungua.

Makadeti! Mistari miwili kando ya barabara, sare zimenyooshwa, viatu vinang'aa. Thelathini na wanne! Hawakukaa kikao. Hawakutuma wajumbe. Walialikwa wote, wakaja wote, na saa ile ile iliyoandikwa! Ni watu wa ajabu, Mauwa.

Mbele alisimama kijana mrefu, Lukman, wa Berchem-Sainte-Agathe. Akanipa pole kwa heshima na kuuliza wakae wapi. Priscille akachungulia nyuma yangu. "Papa Constant! Ulisema bajumbe babili!" Nikamwambia wengine ni wasindikizaji. Akaniita jina ambalo sitaliandika hapa. Kisha akawavalisha aproni, akawapa visu, na jeshi la Ubelgiji likamenya ndizi zako za matanga kwa mstari.

Njaa yao pia ni ya kijeshi. Watu wetu walipoanza kufika, saa moja na nusu, masufuria yalikuwa yanakwanguliwa. Tshibangu akaingia saa mbili, nyuma yake Aristote na joho. Makadeti wote wakasimama kwa pamoja, viti vikalia. Tshibangu akajinyoosha. Lukman akamsogelea Aristote na kumwomba, kwa unyenyekevu, abariki chakula. Walimdhania pasta! Na Aristote, maskini, akabariki.

Nilicheka. Lakini Tshibangu si mtu wa kuanguka mara moja. Akapitisha macho kwenye meza zote, uso kwa uso, mpaka mwisho. Akauliza kwa sauti ya mkutano, "Alors, Papa Constant, wako ni yupi?"

Nikazihesabu sare upya. Thelathini na wanne, na wangu hayumo.

Lukman ndiye aliyejibu. Alisema Océane yuko getini, peke yake, na tangu mchana anawatumia salamu wafikishe hapa. Akasema anajua kutandika kitanda kuliko wote. Pembe za shuka anazikunja kama bahasha, akipitisha mkono mara mbili, na anasema alifundishwa na bibi yake. Mkaguzi alizisifu. Sasa darasa zima linatandika hivyo kila asubuhi.

Kila asubuhi, Mauwa! Vitanda vyote vile, kwa mkono wako!

Tshibangu akatafuta la kusema, hakupata. Akatafuta samaki, hakupata pia.

Jumapili, 23 Novemba

Nimekwenda chuoni na bakuli la sombe, majani ya muhogo, nililolificha jana chini ya koti. Hawakuniruhusu kusogelea geti. Nikasimama ng'ambo ya barabara.

Alikuwa pale. Na sare! Amenyooka, mikono mahali pake, macho mbele. Haruhusiwi kuzungumza wala kugeuka. Kwa mara ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimsimulia yote kwa sauti kubwa: ndizi, joho, shuka. Wapita njia waliniogopa. Nilipofika kwa pasta Aristote, mdomo wake ulicheza kidogo upande mmoja. Jeshini hicho ni kicheko kikubwa. Nikapiga picha pale pale.

Saa sita zamu ikaisha. Akavuka barabara, akala sombe kwa kusimama, akanikumbatia na bakuli mkononi. Amenisamehe. Amesema nisiguse tena ile orodha maisha yangu yote. Nimekubali kwa moyo mweupe.

Lakini Mauwa, ile picha yake ya orodhani, haicheki! Na pembeni yake, nimeona leo, kuna mahali padogo pa kuomba marekebisho. Hiyo si kugusa orodha, ni kuisaidia. Nimempelekea mkuu wao picha ya getini, na salamu za chama kizima cha watu wa Likasi, na sahihi ya mwenyekiti. Tshibangu nitamwarifu baadaye. Océane simwambii. Atafurahi mwenyewe akiona.

Basi, mke wangu, huko uliko, ukipata nafasi, unikumbuke.

Constant wako