Mbuzi Arobaini wa Gatuanyaga

Jumatatu, 3 Machi

Mashine namba mbili imezimwa. Mkubwa ametuita wote uani, sisi wa kukata sabuni na wale wa kupakia. Anasema oda zimepungua, hajui mwezi wa tano utakuwaje, lakini hatatuficha kitu na hatafukuza mtu. Kisha tukapewa chai ya maziwa, mandazi, na yai la kuchemsha kila mtu.

Yai! Miaka kumi na tisa nimefanya kazi Ruiru hapa, sijawahi kupewa yai na kampuni. Kampuni ikikupa yai, inakuaga. Odongo wa kupakia alikula la kwake na akaomba langu. Nikampa. Nikawaambia vijana mimi siogopi kitu, mwaka wa tisini na nane nilipigana na nyati kwa mshipi wa suruali. Walicheka. Chai yangu yote ilikuwa imemwagikia viatu.

Kesho Dorine wa HR, ofisi ya wafanyakazi, atakaa na kila mtu faragha, amuulize hali ya nyumbani. Eti ni kutusaidia. Mimi si mtoto. Huyo anatafuta wa kupunguza kazini.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaza usiku kucha, nimepata mbinu. Wakati wa kupunguza watu, wanaanza na wanyonge. Mwenye mali anaheshimiwa! Kwa hivyo nimeingia kwa Dorine na kifua mbele. Akauliza kama nina tegemeo lingine. Nikamwambia aandike: shamba la ekari kumi na mbili Gatuanyaga, mbuzi arobaini, na ploti Mwihoko yenye nyumba nane za kupangisha.

Ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: Mwihoko mimi ndiye mpangaji. Gatuanyaga ni kwa shemeji yangu Maluki, na mbuzi wangu pale ni mmoja. Ana pembe moja.

Akauliza kama nalala vizuri. Nikasema kama gogo. Akanipa namba ya simu ya mshauri, bure kabisa, kampuni inalipa. Nikamrudishia karatasi. Nikamwambia mimi ndiye hushauri watu, hata waziri fulani nilimshauri pale kwenye nyama choma ya Kamakis tukila mbavu.

Odongo akaingia baada yangu. Akatoka macho mekundu. Amelia mle ndani! Mwanaume mzima! Amekwisha huyo. Nilimhurumia kidogo, halafu nikafurahi, halafu nikaogopa tena.

Jumatano, 5 Machi

Nimemuuliza Odongo kwa upole kama ataniachia gambuti zake akienda. Za kwake hazijatoboka. Akanitazama. Akasema, "Omera, ndugu yangu, si wewe ni mtu wa mbuzi? Nunua mpya." Kila mtu akacheka. Inaonekana habari za mbuzi zimetembea.

Sijakula mchana. Mke wangu Beth akauliza kama ni malaria. Nikasema ni mawazo ya kitajiri.

Alhamisi, 6 Machi

Ngai, Mungu wangu!

Karatasi imebandikwa ukutani. Hakuna aliyefukuzwa. Ila kwa miezi mitatu kazi itagawanywa: wasio na tegemeo lingine watafanya siku zote. Wenye mali wataombwa kupumzika kwanza, kwa nusu mshahara, ili wenzao wasiumie.

Wenye mali ni mtu mmoja. Kang'ethe. Mimi.

Mkubwa alinishika mkono mbele ya wote, akasema huo ndio moyo wa utu. Wakanipigia makofi! Nilitabasamu mpaka taya likauma. Odongo anabaki siku zote, na atafundishwa mashine mpya ya kukata inayokuja badala ya namba mbili. Kwa kulia tu!

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kwa Dorine na uso wa msiba. Nikasema mbuzi wamekufa. Wote arobaini. Ugonjwa. Akashtuka, akanipa pole sana, akauliza na zile nyumba nane? Sikuwa nimejiandaa. Nikasema wapangaji wamehama wote. Akauliza kwa nini. Nikasema ni kwa sababu ya mbuzi.

Akaandika na hilo. Kisha akasema hilo ni pigo kubwa, kampuni haiwezi kuniacha peke yangu. Kesho atakuja Gatuanyaga mwenyewe na daktari wa mifugo.

Nimempigia Maluki simu mara kumi na moja. Hashiki.

Jumamosi, 8 Machi

Vumbi mpaka kwenye meno. Nilifika saa tatu nikitarajia kumwonya Maluki. Dorine alikuwa amefika kabla yangu, anakunywa uji. Maluki, huyo msaliti, alinipokea akipiga kelele, "Shemeji! Arobaini gani? Wako si ni huyu wa pembe moja? Na mzima ni mzima, amekula shati langu jana!" Daktari akamkagua. Akasema afya ni nzuri sana.

Nilingoja Dorine acheke. Hakucheka. Akavuta kigoda karibu na changu, akauliza, "Baba Wanja, unaogopa nini?"

Machozi yalinitoka, sijui ni vumbi au ni nini. Nikamwambia. Kwamba mimi niliishia darasa la sita. Kwamba kazi nyingine siijui, na miaka yangu ni hamsini na nne. Kwamba binti yangu Wanja yuko chuo na anawaambia wenzake babake ni meneja, kwa sababu mimi ndiye nilimwambia hivyo. Kwamba asubuhi nikikosa kwenda kiwandani sijui nitakuwa nani.

Akasema wote wanaogopa, hata mkubwa. Ndiyo maana aliuliza. Jina langu litarudi kwenye orodha ya wanaofanya siku zote. Akaomba kitu kimoja tu: nikiulizwa tena, niseme ukweli. Nikaapa mbele ya mbuzi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi! Vijana wakauliza imekuwaje. Nikawaambia kampuni ilishindwa bila mimi, ikabidi Dorine aje mpaka shambani kunibembeleza, akanikuta katikati ya mifugo yangu. Odongo akakohoa. Wivu.

Saa nne tukapewa fomu ya mashine mpya. Swali moja: umewahi kuiendesha? Odongo akaandika hapana. Maskini. Mimi nikaandika ndiyo, miaka tisa, Mombasa.

Saa kumi karatasi ikabandikwa. Wasiojua watafundishwa wiki tatu, polepole, na mwalimu.

Anayejua anaanza kesho saa moja. Peke yake. Mashine ina visu kumi na sita, nimevihesabu kwa dirisha.

Hakuna shida. Nikikwama, nitawaambia ile ya Mombasa ilikuwa inaendeshwa kwa mkono wa kushoto.