Waraka wa Herufi Zilizonyamaza

Msafara wa kwenda kuwapokea wageni Wafaransa ulikuwa umeshalipita lango la wizara Mkurugenzi alipokunjua waraka na kulisomea gari zima: kuanzia leo, kila herufi ya kitenzi cha Kifaransa itatoa sauti. Anayekaa mahali pasipo kutoa sauti ni mtumishi hewa, afutwe kabla ya jua kuchwa. Idara ya Ugawaji wa Vitenzi ililitafakari jambo hili mwaka mzima, vikao tisa, chai ikiwemo.

Kiti cha nyuma, Mkalimani aliukumbatia mkoba wake. Imebaki miezi miwili astaafu, na barua ya kumwachisha kazi ameiona kwa macho yake, imeshachapwa, inangoja sahihi. Kosa: kuficha herufi.

"Mama, hapa pameandikwa *parlent*. Silabi mbili: *par*, *lent*. Wewe unasema 'parl', basi. Nyingine unampelekea nani?"

"Simpelekei mtu, Bosi. Wenyewe ndivyo wanavyotamka. Ule mkia huandikwa tu."

"Unakaa, unakula nafasi, hausemi?"

"Ndiyo, Bosi."

"Na kwenye orodha umo?"

"Umo tangu enzi za mababu zao."

Dereva alikohoa, akakanyaga mafuta.

Itifaki ilikuwa wazi. Silabi za kila kitenzi hugawanywa kwa vyeo: mdogo huanza, mkubwa hufunga. Mkalimani asipomwachia Bosi cha kufunga, barua inasainiwa palepale.

Ukumbini, mbele ya wageni na Katibu Mkuu, Mkalimani alisema, "Il parl."

"LENTI!" akafunga Mkurugenzi.

Mgeni mmoja alimsogezea glasi ya maji. Katibu Mkuu akanong'ona, "Bwana wee, nyamaza."

Akanyamaza. Vikafuata vitenzi kumi na vinne vya namna ileile. Mkalimani akitamka, wageni wakipiga makofi, Mkurugenzi akifumbua mdomo na kuufumba kama samaki wa kwenye ndoo.

Kiongozi wa wageni akauliza jambo, akimwonyesha Mkurugenzi kwa kidevu.

"Anasemaje?" Katibu Mkuu aliuliza.

"Anauliza yule bwana wa mwisho, mwenye tai, kazi yake nini."

"Mjibu ukweli."

Mkalimani akajibu kwa maneno mawili matatu. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuelewa, kama walioonyeshwa picha ya ndugu yao.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba huandikwa tu, Mheshimiwa."

Katibu Mkuu aliomba waraka, akausoma mara mbili, akaomba kalamu.

Barua ilikuwa tayari. Lilibadilishwa jina tu. Mkalimani alistaafu baada ya miezi miwili. Dereva bado anaendesha. Wageni walirudi kwao na herufi zao zote. Jina la Mkurugenzi lingali mlangoni, kwa rangi ya dhahabu, ila halitamkwi.