Matunda ya Ndoo na Ndege wa Kishungi

Jumanne, 2 Desemba

Mtu mwenye bahati kama yangu hajazaliwa, kuanzia hapa mjini kwetu Levanger mpaka ncha ya kaskazini. Jana jioni kwenye bahati nasibu ya kwaya, nani kaondoka na zawadi kubwa? Mimi, Halvard! Mbavu za kondoo za Krismasi, zilizokaushwa kwa chumvi, furushi zima. Zinaning'inia jikoni, nazitazama huku naandika. Miaka yote niliyopika melini, mpaka bandari ya Santos, bahati ilipanda nami na kushuka nami.

Borghild, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, hakuwepo. Anafunga masanduku. Bintiye anayeishi Kristiansand, mbali kusini, anamtaka ahamie huko moja kwa moja. Leo nimevuka barabara kwenda kumsaidia kufunga vikombe (nimevunja kimoja tu). Anasema eti mtaa umepooza. Eti hata wale ndege wa kishungi, waliokuwa wakija kila majira ya baridi kula matunda mekundu ya bustanini, siku hizi hawaonekani. Miezi yote ya giza bila taa ya jikoni kwa Borghild! Nikasikia mdomo wangu ukisema: Jumapili njoo unywe kahawa kwangu, utawaona, mti wangu umejaa matunda mpaka matawi yanagusa theluji. Akacheka. Akasema haya, akiwaona, masanduku anayafungua.

"Lakini usiponionyesha, Halvard wewe, Jumatatu napanda treni."

Nimerudi natembea kama nahodha. Nikainua macho kuutazama mti.

Mtupu! Hata tunda moja la kutolea ushahidi hakuna. Ndipo nikakumbuka. Septemba. Mimi mwenyewe, juu ya ngazi, nilichuma yote nikatengeneza mvinyo.

Jumatano, 3 Desemba

Si neno. Ndege ni ndege, na ndege anataka chakula. Nimesimamisha ule mganda wa nafaka tunaowawekea ndege mkesha wa Krismasi. Ndiyo, najua, leo si mkesha. Njaa haina kalenda.

Kufika saa nne mtaa mzima umeshasimama kutazama. Mke wa mchungaji kauliza kama nimepata habari za Krismasi kusogezwa. Shomoro wamekuja, wengi ajabu, wanapigana kama mabaharia siku ya mshahara. Mwenye kishungi hakuna.

Kisha Ottar katokea kwenye ua. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, darubini shingoni hata akienda kutoa takataka. Kasema kwa ile sauti yake ya darasani kwamba ndege wa kishungi majira haya hawataki nafaka, wanataka matunda. Kundi limeshavuka kutoka Sweden, limeonekana jana makaburini. Mti wake yeye umejaa, maana yeye hachumi, anawaachia wenyewe. Nimlete Borghild kwake Jumapili, awaone bila taabu.

Borghild awaone kwa Ottar? Thubutu!

Alhamisi, 4 Desemba

Nimeamka na akili mpya. Matunda yangu hayajapotea! Makapi ya mvinyo yako bandani, ndoo nzima, mekundu kama siku niliyoyachuma. Nimeonja moja. Nimeonja mengine kuhakikisha. Nimeimba kidogo.

Nimeshinda na sindano na uzi natunga matunda, shada baada ya shada. Vidole vimekuwa kama vya mchinjaji. Ottar kachungulia dirishani, kauliza kama namshonea mti nguo ya harusi. Nikamjibu kwamba bwana harusi hajui kusoma darubini lakini bibi harusi anamjua. Sijui nilimaanisha nini. Kaondoka dirishani, kwa hiyo nimeshinda.

Ijumaa, 5 Desemba

Kufunga mashada mtini. Ngazi imeteleza mara ya kwanza nikiwa chini, hiyo haihesabiki. Mara ya pili nilikuwa juu. Theluji ni rafiki wa kweli: nimezama mpaka kwapa, na Ottar kanichomoa kwa koleo bila hata kucheka. (Alicheka alipoingia kwake. Nilisikia.)

Lakini mti! Unang'aa! Borghild kapunga mkono kutoka dirishani kwake. Nimepunga pia, kwa mkono usiouma.

Jumamosi, 6 Desemba

WAMEKUJA! Jamani, wamekuja! Kundi zima, vishungi juu, ncha za mikia njano kana kwamba zimechovywa kwenye rangi. Wanalia kwa pamoja kama kengele ndogo za farasi.

Tatizo la kwanza: leo ni Jumamosi.

Tatizo la pili: wamemaliza kila kitu kabla kahawa yangu haijapoa.

Tatizo la tatu: wamelewa.

Mmoja kajaribu kutua tawini, kalikosa. Mwingine kakaa kwenye ngazi ya mlango akinitazama kama mtu aliyesahau nyumba yake. Wengine chali kwenye theluji, na paka wa mchungaji keshavuka barabara. Nikakimbia na kapu la nguo, bila viatu. Ottar karuka ua, umri wake ule! Kaniita muuaji. Nikamwambia wauaji hawabebi kapu. Kamnusa mmoja mdomo, kamwinua karibu na miwani, kasema, "Mpishi, hawa hawafi. Hawa wamekunywa kuliko wewe." Kisha kapiga magoti, tukaokota pamoja.

Tumewalaza kwenye kibaraza changu cha vioo, penye baridi ya kiasi, na bakuli la maji. Ottar alitaka waachiwe mara tu wakipata akili. Nikamwomba mpaka kesho mchana. Kauliza kwa nini. Nikamweleza habari ya treni. Kafuta miwani muda mrefu. Kasema naye amezoea kuiona ile taa ya jikoni. Basi mpaka kesho, si zaidi.

Jumapili, 7 Desemba

Mshumaa wa pili wa Jumapili za kungojea Krismasi umewashwa, keki mezani, Borghild na kofia yake nyeupe ya Jumapili. Ottar kaja pia, sikumwalika, kaleta biskuti.

Borghild kautazama mti. Nyuzi tupu zinapepea. Kauliza, kwa upole, kama hizo ndizo mikia ya ndege. Nikamwambia asubiri. Mpango ulikuwa: nafungua mlango wa nje wa kibaraza, ndege wanaruka bustanini, yeye anaona kutoka dirishani.

Nikafungua mlango wa ndani.

Sebule yangu! Mapazia, taa, picha ya meli, keki! Kila mahali vishungi! Na hawa ndege, samahani, hawana breki upande wa nyuma, na kila kitokacho ni chekundu. Mmoja katua juu ya kofia nyeupe, kaketi, kasaini. Mimi nimebaki na mlango mkononi nikisubiri treni inichukulie Borghild wangu.

Borghild alikuwa anacheka. Amecheka mpaka akakaa sakafuni, hakuthubutu kuinamisha kichwa asije akamsumbua mgeni wake. Ottar ndiye aliyefungua dirisha. Wakatoka wote, moja kwa moja, wakatua kwenye mti wa Ottar.

Baadaye, jikoni, akiosha kofia, Borghild kasema ameona, tena kwa karibu, masanduku yatafunguliwa. Kristiansand hakuna mwendawazimu wa kiwango hiki. Kisha kaziona mbavu, kauliza nimezipata wapi. Nikasema nimezishinda kwenye kwaya! Ottar kakohoa. Katazama dari. Kasema naam, bahati kubwa ile. Tukakubaliana: mkesha wa Krismasi, watatu, mezani kwangu.

Jumatatu, 8 Desemba

Treni imepita. Taa ya jikoni kwa Borghild inawaka!

Nimekaa nikatafakari kosa langu. Ni ngazi. Ilikuwa fupi. Nyingine ikiwa ndefu, na ndoo bado ina nusu, mkesha wa Krismasi nawatoa ndege wote kwa Ottar nawaleta kwangu, Borghild akiwa mezani. Safari hii nitaongeza sukari kwenye matunda.

Mbavu za kwaya alizishinda Ottar. Hizi zangu nimenunua dukani. Bahati sina, na sijawahi kuwa nayo.